Posa Tuliyopeleka Baghdad

Kila mwaka matokeo ya sekondari yakikaribia, mimi huitwa Al Khoudh, kitongoji cha Maskati, nyumbani kwa mtoto wa ami yangu. Wananiwekea sahani ya matunda, wanamkalisha mbele yangu mtoto aliyemaliza mwaka huo pamoja na fomu yake, halafu wananiuliza aandike chuo gani kwanza na kipi cha pili. Wanadhani najua. Nimeishi katika miji saba yenye vyuo vikuu, na katika mitatu nilipanga chumba kinachotazamana na lango lenyewe. Naweza kueleza mabasi yanayopita hapo, mgahawa wenye maharage mazuri na saa ambayo waalimu hutoka. Ndani sikusoma hata kimoja. Nilichonacho ni cheti cha sekondari, nacho kina muhuri wa Baghdad, mji ambao sijafika.

Mwaka huu aliyekalishwa ni binti. Aliniambia fomu ina nafasi nyingi, mtu anaweza kuomba vyuo hata sita kwa mpigo.

"Babu yako angeona haya," nikamwambia.

Akacheka, akidhani natania.

Babu yake ndiye ami yangu. Mimi na mama tulifika kwake Matrah, bandari ya Maskati, mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Unguja, tukiwa na masanduku mawili na cherehani isiyo na sindano. Baba alikuwa amefariki zamani. Ami alikuwa ametutangulia miezi michache, na kwa hiyo yeye alikuwa mwenyeji. Alitukabidhi chumba cha juu, akatufundisha wapi pa kununua maji na saa ngapi lango la mji hufungwa, na tangu siku hiyo akawa mkubwa wangu kwa kila jambo.

Cheti changu cha darasa la kumi na mbili kilinifuata baadaye, mikononi mwa msafiri. Kilikuwa kizuri. Hesabu na fizikia nilipata alama za juu kabisa, na Kiarabu nilipita kwa huruma. Tatizo ni kwamba Maskati wakati ule haikuwa na chuo kikuu wala sekondari. Mwenye cheti kama changu alikuwa kama mwenye ufunguo wa nyumba iliyobaki nchi nyingine. Nikapata kazi ya kupima vitambaa katika duka sokoni, na nikasubiri.

Vyuo vilivyokuwa vikizungumzwa na vijana wa rika langu vilikuwa viwili, kimoja Misri na kimoja Baghdad. Vyote vilichagua watu. Misri walikuwa na wanafunzi wao wenyewe waliojaa mlangoni, na wa nje alitakiwa awe na alama za kuwashinda. Baghdad walitenga viti vichache kwa wageni, na wageni walikuwa wengi. Tulisikia kwamba anayeomba mapema, kabla ya msimu wenyewe, huangaliwa peke yake na kwa utulivu, na anayechelewa hutupwa kwenye rundo. Kwa hiyo mwishoni mwa 1965 niliamua kuomba mapema, na nikaenda kumwambia ami.

Hapa nieleze ami alikuwa mtu gani. Alikuwa mshenga. Haikuwa kazi yake, kazi yake ilikuwa biashara, lakini kule Unguja mtu akitaka mke kwenye nyumba ngumu alimwendea yeye. Ndiye aliyeandika barua ya posa, ndiye aliyeipeleka, ndiye aliyerudi na jibu. Hakuwahi kurudi na jibu baya. Alipofika Matrah akakuta washenga wa hapa wana watu wao, na kwa mwaka mzima hakutumwa na mtu. Mimi nilimwendea na shida yangu akiwa katika hali hiyo.

"Vyuo vingapi?" akaniuliza.

"Viwili, ami. Misri na Baghdad. Tuandike kote, tuone nani atakubali."

Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Na wakikubali wote?"

"Nitachagua."

"Atachagua," akamwambia mama, aliyekuwa akichagua mchele pembeni. "Shemegi, unamsikia mwanao? Anataka kuposa nyumba mbili siku moja, na zikimkubali zote, nyumba moja aiambie hatuitaki."

"Ni chuo, ami. Si mwanamke."

"Kina watu au hakina?"

"Kina."

"Basi watu hao watakaa kikao kwa ajili yako, wakuwekee kiti, wamkatalie mtoto wa mtu mwengine, halafu uwaambie umepata pengine. Miye uso huo sina."

Nilimtazama mama anisaidie. Mama alipata kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

Ikawa hivyo. Tutaomba chuo kimoja, na kikikubali ndicho hicho. Kilichobaki ni kujua kipi, na ami alisema hilo halina haraka, kwanza tuulize khabari za nyumba.

Mwenzangu mmoja, tuliyekuja naye meli moja kutoka Unguja na aliyekuwa akipima vitambaa duka la jirani, alikuwa ameshaandika vyuo vitano, viwili kati ya hivyo vikiwa katika nchi ambazo hakuweza kuzionyesha kwenye ramani. Nilipomweleza mpango wetu alikaa juu ya jora la kitambaa kwa kucheka.

"Yakhe, na mahari mtatoa?"

"Nyamaza."

"Mkuu wa chuo akijifunika shungi mlangoni, msirudi bila kumuona uso."

Kwa upande wa Baghdad tulikuwa na shahidi. Mfanyabiashara wa Basra aliyekuwa akija Matrah kununua ndimu kavu alikuwa amefika Baghdad mara tatu, na ami akamwalika chakula cha mchana. Alidhani anaitwa kwa ajili ya ndimu. Mama alikaa nyuma ya pazia na kuuliza kwa Kiswahili, ami akatafsiri kwa Kiarabu, na yule bwana akajibu huku akilitazama pazia kwa wasiwasi.

"Maji yao yakoje?"

"Wana mto, bibi. Mto mkubwa."

"Watu wanakunywa mtoni?"

"Yanapita bombani kwanza."

"Na chakula cha wanafunzi nani anapika?"

"Kuna mpishi. Mwanamume, lakini mzuri."

Mama akalivuta pazia likaziba vizuri.

"Wana dini?" ami akauliza kwa niaba yake mwenyewe.

"Wana misikiti mingi sana."

"Sikuuliza misikiti."

Yule bwana akafikiri. Akasema anawajua watu wawili wa chuo hicho, na wote wawili walimlipia chai. Ami akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama akauliza la mwisho. "Vijana wanaokwenda kusoma kule, wanarudi kwao?"

"Wengine wanarudi," akasema mgeni. "Wengine wanaoa kule kule."

Alijibu kwa wema tu. Hakujua kwamba jambo lenyewe lilikuwa hapo. Ruhusa ya kutoka nchini siku zile iliombwa kwa safari ya kazi, Bahrain au Kuwait, na ukipata unashukuru. Aliyejulikana kwamba alipitiliza kwenda kusoma, kurudi kwake hakukuwa na ahadi. Tuliwajua kina mama wa Matrah ambao watoto wao walikuwa wahandisi na matabibu katika miji mitatu tofauti, na picha zao ukutani zilikuwa na mvi. Hakuna aliyelisema hilo siku ile. Mgeni alipewa kahawa ya pili.

Misri haikuwa na shahidi. Ilikuwa na redio tu, na redio hiyo ilikuwa ikiimba. Ami aliisikiliza siku tatu mfululizo, kwa kupeleleza, akasema nyumba inayoimba kutwa haina nafasi ya kufundisha. Nilimwambia wanaoimba si wale wanaofundisha. Akasema anajua, lakini wanaishi mji mmoja.

Mimi mwenyewe, nikisema kweli, sikuwa na rai. Nikikaa na watu waliosifu Misri nilitamani Baghdad, na nikimsikiliza bwana wa ndimu nilitamani Misri. Ami aliposema ni Baghdad, nilifurahi kwa siku moja.

Barua aliiandika kwa michana miwili. Nilikaa karibu nimsaidie, lakini hakuhitaji msaada. Ilianza kwa sifa za Mwenyezi Mungu, ikafuata salamu, kisha sifa za chuo kilichotufikia jina lake jema, kisha nasaba yangu mpaka babu wa saba. Ikasema kijana wetu ni mtulivu, havuti sigara, hana mke, na hakuna katika ukoo wake mwenye kifafa.

"Ami, hatujasema nataka kusoma nini."

"Watajua wenyewe wakikuona."

"Uhandisi. Tuandike uhandisi."

Akaandika uhandisi pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayetaja kasoro ili baadaye asilaumiwe.

Nikapendekeza nikinakili kile cheti kwa mkono, na mwalimu mmoja wa Matrah athibitishe, tupeleke nakala. Ami alinitazama.

"Tunampeleka mtu au kivuli chake?"

Cheti chenyewe kikaingia kwenye bahasha. Bahasha ikawekwa juu ya bati la halwa lililofungwa kwa kamba, na vyote akakabidhiwa bwana wa Basra, aliyekuwa sasa mshenga bila kuambiwa. Akapanda meli ya barua pamoja na magunia yake ya ndimu. Mimi sikutia saini popote. Mwenye kuoa hasaini barua ya posa.

Mwezi ukapita, na wa pili. Nikamuuliza ami kama si vizuri tukumbushe. Akasema nyumba inayoombwa ina haki ya kufikiri, na anayegonga mara mbili anaonyesha njaa. Mwenzangu alikuwa ameshapata majibu mawili, mabaya yote, na alikuwa na furaha nayo.

Mwezi wa tatu nikaandika Misri.

Sina sababu nzuri ya kutoa. Baghdad ilipokuwa imeshaposwa, Misri ikaanza kupendeza, basi. Niliandika kwa mkono wangu, nusu ukurasa, uhandisi mwanzo kabisa, nikataja alama zangu na kusema cheti kitafuata. Anwani niliyotoa ilikuwa ya fundi cherehani aliyekuwa mkabala na duka letu. Nikamwambia ikija barua aniwekee, asimpe mtu. Akasema hewala.

Misri ndio waliojibu kwanza. Sikuwepo dukani siku hiyo. Nilikuwa nimetumwa Sib kuchukua mzigo, na fundi, ambaye alimheshimu sana mama yangu, akaona si adabu barua ya mtoto wa watu kukaa chini ya makasi yake. Akaipeleka nyumbani.

Niliporudi, baada ya sala ya adhuhuri, tulikaa kwa kahawa kama kawaida. Mama akaleta sinia. Juu yake palikuwa na dele la kahawa, vikombe vitatu, kisahani cha tende, na barua imeegemezwa kwenye dele kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Ami akaisoma. Akanipa nami nikaisoma. Nimekubaliwa uhandisi, kwa sharti cheti halisi kifike kabla ya masomo kuanza.

"Umekubaliwa," akasema ami.

"Alhamdulillahi."

"Na Baghdad?"

"Hawajajibu, ami. Miezi minne."

"Kwa hiyo wao ndio wenye makosa."

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali. Akaomba kalamu na karatasi, na hapo hapo kwenye sinia, vikombe vikiwa vimesogezwa, akawaandikia Baghdad kwamba sisi tumejitoa, kwamba kosa ni letu, kwamba nyumba yao haina aibu yoyote, na kwamba Mwenyezi Mungu awape mkwe aliye bora. Aliandika mwanafunzi, si mkwe, nakumbuka sasa. Lakini ilisomeka mkwe.

Mimi moyoni nilitua. Jambo limekatwa, sasa ni Misri. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, aongeze mstari mmoja kuwaomba warudishe cheti.

Akaweka kalamu. "Umewahi kusikia mwanamume kajitoa kwenye posa halafu akadai vitu vyake?"

"Ami, bila cheti Misri hawanipokei."

"Na halwa tuidai?"

Mwanamume akijitoa, alichopeleka kimekwenda. Niliijua desturi hiyo, kila mtu wa kwetu anaijua. Sikuwahi kufikiri inaweza kuhusu fizikia. Mama akainuka, akachukua sinia, akaondoka nalo.

Siku kumi na sita baadaye likaja jibu la Baghdad, kupitia kwa bwana wa ndimu. Barua mbili zilikuwa zimepishana njiani. Walinikubali. Walisema kamati ilivutiwa na alama za mwombaji, na walishukuru kwa zawadi, ambayo iligawiwa wafanyakazi wote wa ofisi. Ami alisoma amesimama, kisha akakaa.

"Watu wema," akasema.

Nilimwomba awaandikie tena kwamba tulijitoa kwa makosa. Alichukua kalamu siku ile akaiweka, na siku ya pili vile vile. Mtu ambaye hajawahi kurudi na jibu baya alikuwa amepata jibu jema, na yeye ndiye aliyekwisha kulikataa. "Jana nimewaambia hatutaki," alisema. "Leo niwaambie tunataka? Watasema nyumba hii haina mkubwa."

Nikaandika mwenyewe. Wakanijibu kwa adabu kwamba maombi yalipokewa kutoka kwa mlezi wangu na yamefungwa kwa barua ya mlezi wangu, kwa hiyo mlezi wangu ndiye aandike. Misri walisubiri mpaka siku waliyoitaja, kisha wakanitakia kheri.

Mwenzangu, katika vyuo vyake vitano, alikubaliwa na kimoja, na kimoja hicho kilikuwa cha Baghdad. Alama zake za hesabu zilikuwa nusu ya zangu. Aliondoka kwa gari la mizigo kutoka Sib mpaka Dubai, hana ruhusa ya kazi wala ya kitu chochote, na asubuhi ya safari alikuja dukani kuniaga.

"Twende, yakhe."

"Bila cheti?"

"Cheti kiko kule kule. Kifuate."

Nilikwenda nyumbani kuchukua nguo. Mama alikuwa barazani anachagua mchele. Hakuniuliza nimerudi mapema kwa nini. Nilisimama pale nikamwona anavyoshika ungo, nikahesabu picha za ukutani katika nyumba za watu, nikarudi dukani nikapima vitambaa. Nilivipima miaka minne. Ami hakuniposea tena chochote, hata mke.

Mwaka 1970 utawala ulibadilika. Lango likawa halifungwi, na watu wa nje wakaanza kurudi, wahandisi na matabibu wale wale, wakakuta mama zao wamepungua urefu. Mwenzangu alirudi pamoja nao na shahada. Alikuja moja kwa moja dukani, akatoa bahasha ndani ya koti.

Kilikuwa cheti changu. Alikwenda ofisi ya chuo akawaambia mimi ni nduguye, na karani, aliyeikumbuka halwa, akakitafuta mpaka akakipata. Kilikuwa kimepigwa muhuri wa kupokelewa, rangi ya zambarau, mkubwa.

"Kimekaa kule miaka minne," akasema. "Mwalimu mmoja kila akiniona alikuwa ananiuliza khabari zako."

Nilikipeleka nyumbani. Mama alikigeuza huku na huku, akapitisha kidole juu ya muhuri. Nilikuwa nimetaka kumuuliza kwa miaka minne, na sikujua kwamba nataka, mpaka nilipomuuliza.

"Ile barua ya Misri, mama. Fundi alikupa wewe."

"Alinipa miye."

"Kwa nini hukunipa mkononi?"

Aliendelea kukitazama cheti. "Ningekupa, ungekwenda," akasema. "Ningeichana, fundi angekwambia. Nikaiweka kwenye sinia."

"Ulijua ami atafanya nini."

"Nimeishi na kina baba yako miaka ishirini, mwanangu."

Akanirudishia cheti, akajifuta mikono kwa kanga, ingawa haikuwa na kitu.

"Sasa nenda," akasema. "Popote utakapo. Siku hizi watu wanarudi."

Nilikwenda. Nilianza Bahrain, kisha Kuwait, kisha kwengine, na kila mji nilitafuta kwanza lango la chuo, nikapanga karibu. Nilikuwa na cheti mfukoni na umri bado ulikuwa unaruhusu. Hakuna chuo nilichokiandikia. Nikiwa mbele ya lango moja nilikuwa nalifikiria lengine. Nilirudi kila mwaka, kama mama alivyosema, mpaka alipofariki, na hata baada ya hapo.

Yote haya sikumweleza binti wa Al Khoudh. Nilimwambia ajaze nafasi zote sita, asiache hata moja, na apeleke nakala, cheti chenyewe abaki nacho. Akaniuliza kipi aandike kwanza. Nikamwambia amuulize mama yake.